Kuonja vyakula Sevilla: Sahani ni ndogo lakini hesabu ni kubwa

MSAFIRI anayefika katika mji wowote mkubwa wa Uhispania hachelewi kugundua kwamba kuna biashara moja iliyoshamiri huko, nayo ni ziara za miguu za kuonja vyakula. Kiongozi mwenyeji huchukua watu wachache, aghalabu kati ya wanane na 12, akawatembeza katika mitaa ya kale kwa muda wa saa tatu hivi. Wanaingia mkahawa huu, wanatoka, wanaingia ule, na kila wanapoingia huwekewa kitu kidogo cha kula na kitu cha kunywa.

Ni njia nzuri ya kuujua mji. Mgeni anayetembea peke yake huishia katika mikahawa ya watalii iliyo karibu na kanisa kuu, ambako bei ni ya juu na chakula si kile wenyeji wanachokula nyumbani.

Hata hivyo, msomaji, iwapo una kisukari, shinikizo la damu, jongo au mzio wa chakula fulani, au iwapo wewe ni mja mzito, ziara kama hiyo si jambo la kuliendea kichwa kichwa. Hebu tuchukue mfano wa Sevilla, mji mkuu wa jimbo la Andalusia kusini mwa nchi hiyo, ambako desturi ya sahani ndogo zinazoitwa tapas imeshika mizizi kweli kweli.

Neno tapa kwa Kihispania maana yake ni kifuniko. Hadithi za asili yake ni nyingi, na inayopendwa zaidi ni kwamba wenye vilabu walikuwa wakifunika bilauri ya mvinyo kwa kipande cha mkate au cha nyama ili nzi wasitumbukie. Iwe kweli au la, mpaka leo chakula hicho huenda pamoja na kinywaji, na huliwa watu wakiwa wamesimama wakizungumza.

Jambo la kwanza la kufahamu ni saa za kula. Wahispania hula chakula cha mchana kati ya saa nane na saa tisa na nusu alasiri, na cha jioni saa tatu au nne usiku. Jikoni nyingi hufungwa kuanzia saa kumi alasiri hadi saa mbili usiku. Ziara ya jioni basi huanza saa moja au moja na nusu, na sahani ya mwisho yaweza kukufikia saa nne unusu, wakati ambapo kwenu Nairobi ungekuwa umekwisha lala.

Kwa mtu mwenye afya nzuri hilo ni usumbufu tu. Kwa anayemeza dawa au kujidunga insulini kwa saa maalumu, ni suala zito. Tutalirejelea.

Vyakula vya kufurahia

Ziara nyingi huvuka mto Guadalquivir kwa daraja la Isabel wa Pili, lililokamilika mwaka wa 1852, na kuingia mtaa wa Triana. Hapo mwisho wa daraja pana soko lililojengwa juu ya magofu ya ngome ya San Jorge, iliyokuwa makao ya mahakama ya kidini iliyotisha watu enzi hizo, Inquisition. Siku hizi kinachouzwa hapo ni samaki, mboga, zeituni na jibini.

Mara nyingi utaanza na gazpacho. Ni nyanya, tango, pilipili mboga na kitunguu saumu vilivyosagwa vikiwa vibichi, vikatiwa siki na mafuta ya zeituni, kisha vikapozwa. Wakati wa joto hunywewa kwa bilauri. Hii ni mboga tupu, na mgonjwa wa kisukari hana haja ya kuiogopa sana.

Nduguye anaitwa salmorejo, mzaliwa wa mji jirani wa Córdoba. Huyu ni mzito kama uji kwa sababu ndani yake mmesagiwa mkate, na juu yake hunyunyiziwa yai la kuchemsha na vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Kwa macho vyote viwili ni supu nyekundu. Kwa damu yako ni vitu viwili tofauti, kwani mkate huo ni wanga, nawe hukuuona.

Kisha kuna mchicha wa Kihispania uliopikwa na dengu zile kubwa nyeupe, ukatiwa kitunguu saumu na bizari nyembamba. Mkahawa mmoja wa kale mjini humo, El Rinconcillo, unaosema ulianzishwa mwaka wa 1670, unasifika kwa chakula hiki, na huko wahudumu wangali wakiandika hesabu ya mteja kwa chaki juu ya kaunta. Mtu wa Mombasa au Lamu atakionja na kusema anakijua. Ajabu si kubwa. Waarabu na Waberiberi Waislamu walitawala Sevilla kwa zaidi ya miaka 500, hadi mwaka wa 1248, na lugha ya Kihispania ingali imebeba maneno yao. Tunachokiita zeituni wao huita aceituna, zafarani ni azafrán, na sukari ni azúcar.

Tahadhari moja kuhusu mchicha huo: una vitamini K kwa wingi. Ikiwa unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarin, onja vijiko viwili vitatu, usile sahani nzima siku tatu mfululizo.

Yale mafuta ya zeituni yanastahili sifa zake. Utafiti uliofanywa huko huko Uhispania na kuchapishwa mwaka wa 2013 uliwafuatilia watu 7,447 wenye umri wa kati ya miaka 55 na 80 waliokuwa katika hatari ya kupata maradhi ya moyo. Waliopewa mlo wa eneo la bahari ya Mediterania wenye mafuta hayo au njugu kwa wingi walipatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au vifo vya maradhi hayo kwa kiwango kilichopungua kwa karibu asilimia 30 wakilinganishwa na wale walioshauriwa kupunguza mafuta. Kasoro ziligunduliwa katika jinsi baadhi ya watu walivyogawanywa kwenye makundi, ripoti ikaondolewa na kuchapishwa upya mwaka wa 2018. Matokeo hayakubadilika sana.

Lakini soma vizuri walichokula watu hao. Walihimizwa kula mboga, matunda, samaki na jamii ya kunde, na kupunguza nyama nyekundu na nyama za viwandani. Ziara ya tapas si mlo huo. Viongozi wengine wa ziara hupenda kuwaambia wageni kwamba kila kilicho mezani ni "chakula cha Mediterania" na kwa hivyo ni dawa. Sivyo hata kidogo.

Haba na haba

Fahari ya meza ya Andalusia ni jamón, yaani paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kuning'inizwa likauke kwa miezi na hata miaka. Lile bora kabisa ni la nguruwe wa Iberia aliyezurura msituni akila matunda ya mwaloni. Tangu mwaka wa 2014 sheria inataka paja la nguruwe huyo lifungwe utepe wa rangi. Mweusi ni wa nguruwe halisi asiyechanganywa mbegu na aliyelishwa matunda hayo, na mweupe ni wa aliyefugwa zizini kwa nafaka. Ukiona bei ya mweusi na utepe wa mweupe, ondoka.

Nyama hiyo yaweza kuwa na chumvi ya gramu 4 hadi 5 katika kila gramu 100. Shirika la Afya Ulimwenguni linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Vipande vyembamba vya gramu 30 tu vimekwisha kukupa zaidi ya gramu moja. Ongeza zeituni zilizoloweshwa katika maji ya chumvi, jibini, soseji ya chorizo, samaki wa kukaanga na mkate. Haba na haba hujaza kibaba, na kabla ya kufika mkahawa wa tatu kibaba cha mgonjwa wa shinikizo la damu kimefurika.

Dawa si kukataa kila kitu. Chagua. Ikiwa unaitaka jamón, kula vipande vyako viwili kwa raha, kisha uache zeituni na chorizo ziwapite. Anayeonja kila kitu kwa kuwa "ni kidogo tu" ndiye anayeumia.

Kuna pia morcilla, utumbo uliojazwa damu na viungo, ndugu kamili wa mutura. Mwenye jongo na auangalie kwa mbali, kwa kuwa nyama, matumbo, kamba, dagaa na pombe vikikutana usiku mmoja, kidole gumba cha mguu ndicho kitakachotoa taarifa asubuhi.

Kwa Mwislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, ieleweke kwamba nguruwe hujificha. Hunyunyiziwa juu ya salmorejo, hutiwa ndani ya maharagwe, na mafuta yake hupikiwa biskuti. Isitoshe, ukisema huli nyama waweza kuletewa mboga zenye jamón, maana kwa wengi huko nyama ni ile mbichi ya kupikwa, na jamón ni kitu kingine. Taja kwa jina: "No como cerdo ni jamón", yaani sili nguruwe wala jamón.

Pombe nayo ina hesabu yake. Kinywaji cha kwao ni manzanilla na fino, mvinyo mkavu wenye kileo cha asilimia 15 hivi. Bilauri ya mililita 100 ina takriban gramu 12 za kileo. Bilauri ndogo ya bia ya mililita 200, wanayoiita caña, ina karibu gramu 8. Wizara ya Afya ya Uhispania ilisema mwaka wa 2020 kwamba ili hatari isiwe kubwa, mwanamume asizidishe gramu 20 kwa siku na mwanamke gramu 10. Ziara yenye vituo vitano na bilauri moja kila kituo inavuka mpaka huo mapema.

Hulazimiki kunywa. Umelipia kinywaji, si lazima kiwe kileo. Tena sheria ya mwaka wa 2022 inaitaka mikahawa kuwapa wateja maji ya mfereji bila malipo, na maji ya mfereji wa Sevilla ni salama. Sema "agua del grifo".

Mgonjwa wa kisukari

Sasa turudi kwenye suala la saa. Mlo wa kawaida huja mara moja: unajidunga insulini ya haraka, unakula, yamekwisha. Katika ziara, chakula huja vipande vipande kwa muda wa saa tatu, na kati ya kipande na kipande kuna matembezi na hadithi ndefu ya kiongozi kuhusu mfalme fulani. Ukijidunga dozi kamili kabla ya sahani ya kwanza, na sahani hiyo ikawa zeituni na jibini, sukari yaweza kushuka ukiwa katikati ya daraja.

Kutembea nako huteremsha sukari. Jambo hilo ni zuri kwa kawaida, na madaktari hulihimiza baada ya kula. Lakini likichanganyika na insulini na pombe linaweza kupita kiasi. Pombe hulizuia ini kutoa sukari ya akiba, na hatari hiyo huendelea hadi usiku wa manane ukiwa usingizini. Wanaotumia vidonge vya glibenclamide wamo katika hatari hiyo hiyo. Wanaotumia metformin peke yake hatari yao ni ndogo zaidi.

Kwa hivyo mwone daktari wako kabla ya kusafiri, umweleze ratiba ya ziara jinsi ilivyo, saa za kuanza na kumaliza, naye akupangie dozi. Usijipangie mwenyewe. Mkumbushe pia kwamba Uhispania iko nyuma ya Kenya kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Siku ya ziara beba peremende au vidonge vya glukosi mfukoni, kipimo cha sukari, na umwambie angalau mtu mmoja katika kundi kwamba una kisukari, ili ukianza kutetemeka na kupayuka asidhani umelewa.

Hesabu mkate. Kila sahani huja na mkate au na vijiti vikavu viitwavyo picos, navyo huliwa bila mtu kujua. Viazi vimo katika kimanda chao maarufu, na mwisho wa ziara huenda ukaletewa churros na chokoleti nzito. Chagua kimoja.

Miguu yako je? Mitaa ya kale ya Sevilla imesakafiwa kwa mawe. Aliyeanza kupoteza hisia miguuni hatajua kiatu kinamchubua. Vaa viatu ulivyokwisha vizoea, soksi safi, na uikague miguu yako kabla ya kulala. Viatu vipya vya safari viache hotelini.

Waja wazito na samaki

Mama mjamzito anaweza kwenda ziara hii, lakini orodha yake ni fupi. Mwezi wa Agosti 2019 mlipuko wa bakteria aina ya listeria ulitokea Andalusia, wengi wa wagonjwa wakiwa wa mkoa wa Sevilla, kutokana na nyama ya nguruwe iliyopikwa na kuuzwa ikiwa imepozwa. Watu zaidi ya 200 waliugua, watatu wakafariki, na kina mama kadhaa wakapoteza mimba. Nyama za baridi na jibini ya maziwa yasiyochemshwa ndiyo maficho ya bakteria hao. Aidha madaktari wengi huwashauri waja wazito waiepuke jamón na chorizo kwa sababu ya vimelea vya toksoplasma.

Kuna jingine ambalo wageni wengi hawaambiwi. Sevilla hupenda sana cazón en adobo, vipande vya papa mdogo vilivyoloweshwa kwenye siki na bizari kisha vikakaangwa. Ni vitamu, na mtu wa Pwani atavipenda. Lakini mamlaka ya usalama wa chakula ya Uhispania inawashauri waja wazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka 10 wasile papa wa aina yoyote, wala samaki-upanga, wala jodari mkubwa mwekundu, kwa sababu samaki hao hukusanya zebaki mwilini. Ngisi, kamba waliopikwa na dagaa wa kukaanga hawamo katika katazo hilo.

Tukiwa kwenye dagaa, wapo pia wanaoliwa bila kupikwa, waliolainishwa kwa siki tu. Huitwa boquerones en vinagre. Samaki mbichi wa bahari hizo huweza kuwa na mnyoo aitwaye anisakis, ambaye husababisha maumivu makali ya tumbo. Siki haimwui, wala limau. Baridi kali humwua, na ndiyo maana tangu mwisho wa mwaka wa 2006 sheria inailazimisha mikahawa kuwagandisha samaki wa namna hiyo kwa nyuzi 20 chini ya sufuri kwa muda usiopungua saa 24. Katika mkahawa unaofuata sheria basi huna haja ya kuogopa. Lakini aliyewahi kupata mzio wa anisakis asiwaguse, maana hata mnyoo aliyekufa huweza kumdhuru.

Sema mapema

Hapa ndipo faida ya kundi dogo inapoonekana, na kwa maoni yangu ndiyo sababu ya kulipa zaidi badala ya kujiunga na msafara wa watu 30. Kiongozi wa watu wanane anaweza kujua kwamba yule hali njugu, yule ana mimba, na huyu mpigie jikoni simu asitiliwe unga. Wa watu 30 hawezi. Lakini hata wa wanane hawezi kukusaidia ukinyamaza mpaka sahani iwe mezani. Vyakula vingi huagizwa asubuhi au siku moja kabla. Andika haja zako siku unapolipia nafasi, na ukipata jibu la mkato kama "hakuna shida", uliza tena: utanipa nini badala yake?

Wenye mzio wana haki ya kisheria. Tangu Desemba 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya inaitaka mikahawa kumwarifu mteja iwapo chakula kina chochote kati ya vitu 14 vinavyojulikana kuleta mzio, vikiwemo ngano, mayai, maziwa, samaki, kamba, karanga, njugu na ufuta. Mwenye pumu achunge pia salfaiti, zimo katika mvinyo na wakati mwingine kwenye kamba. Lakini sheria haisafishi karai. Ngisi, papa na viazi huweza kukaangwa katika mafuta yale yale, hivyo ulizia mafuta na si sahani peke yake. Neno la karanga ni cacahuetes, na njugu nyingine zote huitwa frutos secos.

Ukiweza, usiende Julai wala Agosti. Joto la Sevilla miezi hiyo mara nyingi hupita nyuzi 40, na mwezi wa Juni jua huzama karibu saa nne kasorobo usiku, kwa hiyo ziara ya "jioni" huanza juani. Anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini kwa ajili ya shinikizo la damu ni rahisi kupata kizunguzungu akisimama muda mrefu kwenye kaunta. Machi, Aprili na Oktoba ni miezi ya kibinadamu zaidi. Insulini iwe kivulini, ndani ya mfuko unaohifadhi ubaridi, wala usiiache kwenye gari.

Ukizidiwa, namba ya dharura ni 112, haina malipo. Ili kupata viza ya kwenda huko ulitakiwa kukata bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Karatasi ya bima hiyo, pamoja na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa zako, itembee nawe mfukoni usiku wa ziara, si kubaki kwenye sanduku hotelini.